Sumu Iliyolala Matopeni: Mashapo Machafu na Uhai wa Milango ya Mito

Anayetaka kujua hali ya mto Msimbazi asiyaamini sana maji yake. Pale mto unapoingia Bahari ya Hindi, karibu na Daraja la Selander jijini Dar es Salaam, bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku. Sampuli iliyochotwa wakati wa bamvua, maji yakiwa yamejaa, itaeleza zaidi habari za bahari. Iliyochotwa maji yakiwa yamekupwa itaeleza habari za viwanda, gereji na vyoo vya mjini. Zote mbili ni za kweli, na zote mbili zitakuwa zimepitwa na wakati kabla jua halijatua. Kinachobaki ni tope. Chini ya mikoko limelala lililoletwa na masika ya mwaka huu juu ya lililoletwa miongo kadhaa iliyopita, na kila tabaka limeshika sehemu ya yale ambayo jiji liliyatupa.

Tope hilo likishabeba sumu, viumbe wa mlango wa mto hupatwa na nini? Jibu jepesi, kwamba tope chafu huua samaki, ni la kweli mara chache. Kwa kawaida tope chafu haliui papo hapo. Hubadilisha nani anaishi pale, nani anaweza kuzaa, na nini kinafika kwenye chungu cha binadamu. Tena madhara hayo hayalingani moja kwa moja na kiasi cha sumu kilichomo ndani ya tope. Yanalingana na kiasi kinachoweza kutoka na kuingia mwilini mwa kiumbe. Tofauti hiyo ya kilichomo na kinachotoka inaonekana ndogo, lakini ndiyo inayoamua kama fedha za kusafisha mto zitaponya au zitaongeza ugonjwa.

Kwa nini sumu hukusanyika mlangoni

Mto unapoteremka hubeba chembe laini za udongo wa mfinyanzi. Katika maji baridi chembe hizo zina chaji inayozifanya zisukumane, kwa hiyo huelea. Zikikutana na chumvi ya bahari, msukumano hupungua, zinashikamana kuwa mabonge madogo, zinazama. Hapohapo kasi ya mto inavunjwa na maji yanayojaa kutoka baharini, na mizizi ya mikoko inaipunguza zaidi. Ndiyo maana mlango wa mto hauna mchanga mweupe wa ufukweni, bali tope zito linalozamisha mguu hadi gotini.

Chembe zenye upana wa chini ya mikromita 63 zina eneo kubwa sana la kugusana na maji kuliko mchanga wa uzito uleule, na mara nyingi zimepakwa utando wa mabaki ya mimea na wa oksidi za chuma. Utando huo hushika risasi, shaba, zinki na kadmiamu. Hushika pia vitu visivyopatana na maji: mafuta ya injini, viuatilifu kama DDT, na kemikali za PCB zilizotumika zamani katika transfoma za umeme. Hivyo mto unaweza kuwa na sumu kidogo mno katika maji yake, isiyopimika kwa urahisi, na bado tope lililo chini likawa nayo mara maelfu zaidi.

Msimbazi ni mfano mzuri. Una urefu wa takribani kilomita 35, ukianzia milima ya Pugu, na unapita katikati ya jiji ambalo sensa ya 2022 ililikuta na watu milioni 5.38. Njiani hupokea maji ya viwanda, ya machinjio ya Vingunguti, ya vyoo vya mitaa isiyounganishwa na mtandao wa majitaka, na mvua inayosafisha barabara na gereji. Sehemu kubwa ya mzigo huo haifiki bahari kuu. Inashushwa palepale mlangoni.

Lazima hapa pawepo na tahadhari. Si kila metali inayopatikana matopeni ni uchafu wa binadamu, kwa kuwa miamba na udongo vina chuma, zinki na kromiamu kwa asili. Tope laini litakuwa na metali nyingi kuliko mchanga hata kusipokuwa na kiwanda chochote. Ndiyo maana watafiti makini hulinganisha metali na aluminiamu, ambayo ni kipimo cha wingi wa mfinyanzi, kabla ya kumnyooshea mtu kidole.

Kilichomo na kinachotoka

Ukichimba sentimita chache tu chini ya uso wa tope la mikokoni, rangi hubadilika kuwa nyeusi na harufu ya yai bovu hupanda. Hapo oksijeni imekwisha. Bakteria wa mahali hapo hupumua kwa kutumia salfeti ya maji ya bahari, nao hutoa salfaidi. Salfaidi ikikutana na chuma hufanya weusi ule. Ikikutana na kadmiamu, shaba, risasi, nikeli au zinki, hushikamana nazo hadi haziyeyuki tena. Mwaka 1990 watafiti wa Marekani wakiongozwa na Dominic Di Toro walionyesha kwamba pale salfaidi ilipokuwa nyingi kuliko kadmiamu, wanyama wa majaribio waliishi ndani ya tope ambalo kwa hesabu ya kadmiamu peke yake lilipaswa kuwaua.

Tope jeusi linalonuka, ambalo mpita njia atasema ndilo baya kuliko yote, laweza basi kuwa ndilo lililozifunga metali kwa uimara zaidi. Kinachozifungua ni oksijeni. Mafuriko ya masika yakivuruga sakafu, pangaboi za meli zikilitimua tope, au mashine ya kuongeza kina ikilizoa na kulimwaga kwingine, salfaidi huvunjika na metali hurudi majini. Wanyama wenyewe pia huzifungua. Kaa wanaochimba mashimo na minyoo wanaopitisha maji kwenye njia zao hupeleka oksijeni chini kila siku, na mizizi ya mikoko hufanya vivyo hivyo. Ndiyo kusema mlango wa mto wenye afya, wenye wachimbaji wengi, huachia sumu kwa njia isiyokuwepo katika tope lililokufa.

Zebaki inavuruga hesabu hii. Hali ileile ya kukosa oksijeni inayofunga risasi ndiyo inayoipa zebaki makali. Bakteria walewale wa salfeti huigeuza kuwa methilizebaki, ambayo hupita kirahisi kwenye utumbo, huingia kwenye ubongo, na huongezeka kila samaki mmoja anapomla mwingine. Kwa hiyo hakuna kauli moja itakayofaa kwa tope lote. Mahali panapotuliza metali moja panaweza kuiamsha nyingine.

Hii ndiyo sababu karatasi ya maabara yenye orodha ya metali haitoshi kutoa hukumu. Mwaka 1985 Edward Long na Peter Chapman, waliokuwa wakichunguza mashapo ya Puget Sound, kaskazini magharibi mwa Marekani, walipendekeza vipimo vitatu vifanywe pamoja: kemikali zilizomo, majaribio ya kuwaweka wanyama hai ndani ya tope, na hesabu ya wanyama wanaoishi mahali penyewe. Kemikali zikiwa juu lakini wanyama wakawa wazima, huenda sumu imefungwa. Wanyama wakiwa wametoweka bila kemikali nyingi, huenda tatizo ni kukosa oksijeni kwa sababu ya kinyesi na taka za machinjio. Vyote vitatu vikikubaliana, shaka imepungua sana.

Mwili mmoja, kizazi kimoja, jamii nzima

Ngazi ya kwanza ya madhara ni jamii ya wanyama wa sakafuni. Mwaka 1978 Thomas Pearson na Rutger Rosenberg walieleza mpangilio unaojirudia sehemu nyingi duniani. Karibu na chanzo cha taka za kuoza hakuna mnyama. Mbele kidogo kuna aina chache zenye idadi kubwa mno, hasa minyoo wadogo wa jenasi ya Capitella. Mbali zaidi aina huongezeka na wanyama wakubwa wanaochimba kwa kina hurudi. Anayehesabu vichwa tu anaweza kudanganyika akadhani eneo chafu lina uhai tele. Uhai upo, lakini umebaki wa aina moja. Tondo, kombe na kaa wakubwa wametoweka, na samaki waliowategemea wamehama.

Ngazi ya pili ni uzazi, na hapa hakuna somo lililo wazi kuliko rangi za meli zenye tributilitini, yaani TBT. Rangi hizo zilipakwa chini ya meli ili kome na mwani visishike. Mwaka 1970 iliripotiwa kutoka Plymouth, Uingereza, kwamba konokono jike wa baharini walikuwa wakiota uume. Baadaye ilithibitika kwamba nanogramu chache tu za TBT katika lita moja ya maji zinatosha kuwafanya wawe tasa. Katika ghuba ya Arcachon, Ufaransa, makinda ya chaza yalikosa kukua na chaza wakubwa wakafanya magamba mazito yasiyofaa sokoni. Ufaransa ikaipiga marufuku kwa boti ndogo mwaka 1982, na mkataba wa kimataifa uliotungwa mwaka 2001 ukaanza kutumika mwaka 2008. Ndani ya maji yenye hewa TBT huvunjika kwa siku au wiki. Ndani ya tope lisilo na oksijeni hukaa miaka na hata miongo. Karibu na chelezo, marufuku inaweza kuwa na umri wa mtu mzima huku dawa ikiwa bado ipo chini.

Ngazi ya tatu ni ugonjwa wa kiumbe mmojammoja. Samaki bapa wanaolala juu ya tope ndio mashahidi bora, kwa sababu ngozi, matamvua na chakula chao vyote viko hapo. Huko Puget Sound, uchunguzi wa tangu miaka ya 1980 ulihusisha vidonda na uvimbe kwenye maini ya samaki hao na kemikali za lami, makaa na mafuta yaliyoungua. Samaki hawa hawakuelea wamekufa. Walivuliwa wakionekana wazima, na ugonjwa ukaonekana tu matumbo yalipopasuliwa.

Kisha kuna wale wanaozoea. Katika hori ya Restronguet, Cornwall, Uingereza, iliyopokea mabaki ya migodi kwa muda mrefu, minyoo wa matopeni wanastahimili shaba ambayo ingewaua wenzao wa hori jirani. Kwenye pwani ya mashariki ya Marekani samaki wadogo wa jenasi ya Fundulus wa milango ya mito iliyo ndani ya miji wamepata urithi unaowawezesha kustahimili kemikali za sumu hadi mara 8,000 kuliko wenzao, kama ulivyoeleza utafiti uliochapishwa mwaka 2016. Wapo watakaofurahia habari hii kama ushindi wa maumbile, lakini ina pande mbili za hasara. Mnyoo anayestahimili shaba bado anaibeba, na anayemla anaipokea. Pia ustahimilivu huu umepatikana kwa kufa kwa wasio nao, na ni wachache wenye idadi kubwa na vizazi vya harakaharaka kama samaki hao. Aina zinazozaa polepole hazina nafasi hiyo.

Kwa pwani ya Afrika Mashariki liko jambo jingine lisilosemwa vya kutosha. Kamba hutaga baharini, lakini makinda yao huingia kwenye mikoko na kukulia huko kwa miezi kabla ya kurudi nje. Samaki wengi hufanya hivyo pia. Tope la mlangoni linapowadhoofisha makinda, hasara haionekani pale mlangoni. Inaonekana katika nyavu za mvuvi aliye mbali, ambaye hana sababu ya kuushuku mto wa mjini.

Pwani yetu

Dar es Salaam haianzi utafiti huu kutoka sifuri. Tangu miaka ya 1990 wanasayansi, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wamekuwa wakipima mashapo ya bandari na mikoko. Mara kwa mara Msimbazi na eneo la Mtoni hujitokeza kuwa na uchafu zaidi kuliko mikoko iliyo mbali na jiji. Watafiti walipochunguza konokono wa mikokoni walipata metali mwilini mwao. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 kuhusu samaki wadogo warukao matopeni, wale wenye macho yaliyotokeza juu ya kichwa, ulihusisha uchafu wa pwani na mabadiliko ya maumbo na ukuaji wao. Samaki hao hawahami mbali, kwa hiyo umbo la mmoja wao ni taarifa ya shimo lake na mtaa wake.

Mombasa ina historia yake. Mwaka 1988 tangi la mafuta lilitoboka na takribani tani 5,000 zikamwagika kwenye hori ya Makupa na Port Reitz, mikoko ikafa; mwaka 2005 meli ya mafuta ikavuja tena Port Reitz. Mafuta hufunika mizizi ya kupumulia na kuusonga mti, halafu yanayozama matopeni hukaa kwa sababu bakteria wa kuyaozesha wanahitaji oksijeni. Ukingoni mwa Makupa lilikuwepo kwa miongo dampo la Kibarani, ambalo sasa limefungwa. Tuta lililounganisha kisiwa na bara lilikuwa limeuziba mkondo, na daraja lililofunguliwa mwaka 2022 limeuachia upite. Kwa muda mrefu hiyo ni heri, maana maji yanayopita huleta hewa. Lakini mkondo mpya juu ya tope la zamani ni hali ileile tuliyoitaja ya kufungua kilichofungwa, nayo inastahili kupimwa kwa miaka ya mwanzo.

Pengo kubwa la pwani yetu halipo kwenye orodha za metali. Lipo kwenye vile vipimo viwili vingine vya Long na Chapman. Ni nadra kupata eneo ambalo kemikali, majaribio ya wanyama na hesabu ya sakafu vimefanywa kwa pamoja na kurudiwa mwaka baada ya mwaka. Wanawake wanaotanda uduvi na kuokota kombe, na wavuvi wa kaa koko, wanajua ni lini aina fulani ilipotea mahali fulani. Ujuzi huo ni kipimo cha tatu kisicho na fomu, na mara nyingi hakuna anayewauliza.

Kuliacha, kulifunika au kulizoa

Tope likishathibitika kuwa na madhara, njia ni tatu. Linaweza kuachwa lizikwe taratibu na mashapo mapya, kufunikwa kwa makusudi, au kuzolewa.

Minamata, Japani, inafundisha gharama ya kuchelewa. Kiwanda cha Chisso kilitiririsha zebaki kwenye ghuba, na ugonjwa ukaripotiwa rasmi mwaka 1956. Mwaka 1958 kiwanda kilihamishia bomba lake kwenye mlango wa mto Minamata, na wagonjwa wakaanza kutokea maeneo mapya. Umwagaji ulikoma mwaka 1968. Hata hivyo tope liliendelea kuwepo, na kazi ya kulizoa na kulifukia ikachukua kuanzia 1977 hadi 1990. Takribani mita za ujazo milioni 1.5 zilishughulikiwa, ikapatikana ardhi mpya ya hekta 58 juu ya tope lililozikwa, na nyavu zilizowazuia samaki wa ghuba wasitoke ziliondolewa mwaka 1997.

Eagle Harbor, bandari ndogo ndani ya Puget Sound iliyochafuliwa na kiwanda cha kutibu mbao kwa kreosoti, inafundisha upande mwingine. Mwaka 1993 na 1994 tope lake lilifunikwa kwa mashapo safi bila kuzolewa. Katika miaka iliyofuata vidonda vya maini kwa samaki bapa vilipungua waziwazi. Kilichokuwemo kilibaki kilekile. Kilichopungua ni kilichotoka, na samaki wakapona.

Kufunika hakufai kila mahali. Mto wenye mafuriko makali utaliondoa blanketi la mchanga kwa masika moja, na bandari inayohitaji kina haiwezi kupandisha sakafu yake. Lakini mifano hii miwili inatoa utaratibu ambao haupaswi kupinduliwa. Chanzo kifungwe kwanza, kwa sababu kulizoa tope huku mabomba yakiendelea kumwaga ni kulipia kazi ileile mara mbili. Kisha ijulikane ni sumu gani, kwa kuwa tope la risasi na tope la zebaki hayatibiwi kwa namna moja. Mwisho uamuliwe mahali pa kupeleka kitakachozolewa, maana tope lililomwagwa nje kwenye hewa haliwi salama kwa sababu tu limetoka machoni.

Kwa Dar es Salaam jambo hili liko mezani sasa. Mradi wa kuendeleza Bonde la Msimbazi, uliopata dola milioni 200 za Benki ya Dunia mwaka 2022 pamoja na fedha za Hispania na Uholanzi, umekusudia kudhibiti mafuriko, kuchimba na kupanua mkondo wa mto, na kujenga daraja jipya la Jangwani. Wakazi wa bonde ambao nyumba zao huzama kila masika wana haki ya kazi hiyo, na hakuna anayepaswa kuitumia sayansi ya mashapo kuichelewesha. Kinachotakiwa ni mradi upimwe kwa wanyama kama unavyopimwa kwa kina cha maji. Kabla mashine hazijaingia na kila mwaka baada ya hapo, zipimwe metali katika miili ya kaa na kombe wa mlangoni, yahesabiwe mashimo ya wachimbaji, na yaangaliwe makinda ya kamba. Vipimo hivyo havihitaji maabara za kigeni. Vikionyesha madhara yanapungua, jiji litakuwa na ushahidi kwamba fedha zilitibu mto mzima. Vikionyesha yanaongezeka, itajulikana mapema, wakati bado inawezekana kubadili mahali pa kuchimba au namna ya kumwaga. Wajapani walilipata jibu la swali hilo kwa wagonjwa. Sisi tunaweza kulipata kwa kaa.